Jina ya Imbwa ya Maman Nabintu

Siku ya tano, 1 mwezi ya saba 1983

Konji yangu ya kazi imeanza. Hakuna kwenda ku biro, hakuna mashini ya kuandika, vidole vyangu vinapumuzika. Nilifula nguo za bwana yangu, Papa Sifa, nikazianika. Vumbi ya kiangazi inazichafua mbele zikauke. Maji ya robine inakuya sawa machozi ya mutu mwenye hakufiwa.

Niko nakamua shati ya mwisho, jirani yangu Maman Nabintu akanisalimia juu ya lupango yenye inatutenganisha. Zaidi ya miaka kumi tunasalimianaka ku kanisa tu, juu padri anaona. Leo alinisalimia hapa, muchana, na jina yangu. Nilijua iko na shida.

Shida njo hii. Nabintu, binti yake, alimaliza masomo ya udaktari ku Kinshasa. Batamupa diplome yake, na mama anataka kwenda kuona na macho yake mwenyewe. Sikatai, ni kitu kikubwa. Mwanamuke mwenye alikomalisha mutoto na kasiksi, pombe ya ndizi, leo ni mama ya daktari. Nilimupongeza. Nilimupongeza na meno tu, lakini nilimupongeza.

Kisha akaleta neno. Imbwa yake ni muzee na mugonjwa, hawezi kubaki peke yake. Anataka mimi njo nimuchunge.

Mimi. Kati ya bamaman bote ba mutaa yetu ya Muhumba.

Nilimuuliza juu ya nini hamupeleki kwa dada yake kule Kadutu. Alijibu bila kugeuza macho: "Kwa dada yangu akikufa, batu batasema imbwa alikuwa muzee. Kwako akikufa, bote batasema ulimupa sumu. Kwa hiyo utamuchunga kuliko dada yangu."

Ile mwanamuke ana akili. Inaniuma kuandika, lakini ana akili. Nilimuambia nitafikiri.


Siku ya posho, 2 mwezi ya saba

Asubui salongo, usafi ya bote. Tulifagia barabara paka kule chini karibu na ziwa. Habari ilishaenea. Maman Zawadi, mwenye anauzishaka tomati ku kona, aliniuliza mbele ya bote kama ni kweli nitamuchunga Utachoka. Alisema ile jina polepole, anangojea kuona uso yangu.

Acha niandike hapa, juu hapa hakuna mwenye atanicheka. Imbwa anaitwa Utachoka. Na mwenye atachoka ni mimi. Wakati Maman Nabintu alihamia hapa na mapipa yake ya kasiksi, nilisema ku robine ya maji kama Muhumba ni kartye ya batu ba biro, haiko fasi ya mapipa. Nilisema kwa sauti, na ningelisema tena leo. Juma haikuisha, akaleta kitoto ya imbwa. Akaanza kusimama ku lupango na kuita: Utachoka, Utachoka, kuya kula. Macho ku dirisha yangu. Kila mutu alielewa. Kwetu hapa jina ya imbwa ni barua yenye haiombi timbri ya posta.

Na mimi nilitafuta yangu. Nikamuita Tutaona. Tulikuwa tunaitana vile juu ya lupango, yeye Utachoka, miye Tutaona, batu banasimama barabarani kusikiliza sawa teatre. Kisha Tutaona aligongwa na kamyo. Tutaona hakuona mengi. Papa Sifa alisema hiyo njo jibu ya Mungu. Ile mangaribi alijipikia.

Tangu pale sikuitaja ile jina hata mara moja. Nasemaka "ile imbwa". Bageni bakiniuliza imbwa ya jirani anaitwa nani, nasema sijui.

Papa Sifa anasema nikatae. Nikikataa, Maman Nabintu atasema niliogopa. Kisha atanipita barabarani na ile shingo yake. Hapana. Nilienda ku lupango, nikamuambia alete.


Siku ya Mungu, 3 mwezi ya saba

Alimuleta kisha misa. Alimubeba ku mugongo mu kikwembe, sawa mutoto. Imbwa mukubwa vile, miguu inaning'inia. Bamaman ba kanisa balisimama njiani kuangalia.

Ni mara ya kwanza alikaa ku baraza yangu. Nilimupa kiti ya muzuri, asione kama ile ingine ni ya kuvunjika. Akaanza kunielekeza. Alielekeza sawa mutu mwenye anakabizi nyumba.

Asilale ku simenti, mifupa yake itaganda. Alale ku gunia karibu na mbabula ya makaa, lakini siyo karibu sana, juu mugongo yake hausikii moto tena, ataungua bila kujua. Bugali yake ilainishwe na supu ya sambaza, zile samaki ndogo ya ziwa, na miba yote itoke, anakohoa vibaya. Komprime, dawa yake ya kifua, isagwe, iingie ndani ya ndizi ya kuiva. Nisijaribu kumudanganya, akiona naficha kitu atanitazama paka nipate haya. Sikio ya kushoto ina kidonda, ioshwe na maji ya munyu, nzi zisikae. Macho ina ukungu, kwa hiyo nisihamishe viti.

Na ngazi. Ku ngazi asisaidiwe. Anatakaka kushuka peke yake kwenda kukojoa. Akianguka, nigeuze uso, ningojee kidogo, kisha nimuinue sawa vile sikuona.

Hiyo ilinipendeza. Sikumuonyesha, lakini ilinipendeza. Imbwa mwenye anajiheshimu.

Kisha akaleta neno ya mwisho. Zamani bezi balikuwa banatupa nyama ya sumu ndani ya lupango ya batu, imbwa akikula tu, usiku banaingia. Yeye alimufundisha wake asiguse chakula paka aitwe na jina. Bila jina atakaa na njaa mbele ya sahani. Kwa hiyo nimuite. Jina yake yote, kila wakati ya kula.

Nilimuangalia mudomo. Haikutikisika. Alisimama, akafunga kikwembe yake, akamushika imbwa kichwa kwa mikono mbili, akaniacha naye. Motokari ya kumupeleka Kavumu ku ndege ilikuwa inapiga oni ku barabara.


Siku ya kwanza, 4 mwezi ya saba

Hakukula.

Nilitoa miba na vidole vyangu, moja moja. Bugali laini, supu ya moto kidogo. Niliweka sahani hatua mbili mbele yake, nikarudi kusimama, nikasema: "Imbwa, kula." Nikasema: "Muzee, kula." Nikapiga mulomo sawa vile banaitaka kuku. Alikuwa anaangalia ukuta.

Ndizi na dawa pia hakugusa.

Kushuka ngazi alishuka peke yake. Alianguka ku ya mwisho. Niligeuza uso. Papa Sifa aliniuliza kama shingo inaniuma.


Siku ya pili, 5 mwezi ya saba

Hakukula tena. Mbavu zake naweza kuzihesabu.

Nilijaribu majina ya kando. Uchovu. Umechoka. Choka tu. Mutu muzima, sekretere ya miaka mingi, nazunguka sahani mbele ya imbwa na kutafuta neno yenye inafanana na matusi bila kuwa matusi.

Kisha nilimuomba Papa Sifa aseme ile jina, yeye hana neno nayo. Alikuwa ku kiti yake, na gazeti. Alisema tu, bila kushusha gazeti: "Utachoka, kula." Imbwa hakugeuka. Papa Sifa akasema basi, ile vita ni ya banawake, imbwa anajua.

Nilifurahi kama hakumutii. Kisha niliogopa.

Mangaribi nilienda kununua tomati. Maman Zawadi aliuliza habari ya mugonjwa. Nikasema muzuri. Akasema, mbele ya banunuzi: "Tunaomba Mungu. Juu akikufa kwako, sijui tutasema nini." Anajua sana yenye atasema. Alishaitayarisha, iko mu kapu chini ya tomati.

Nilirudi na hasira yenye ilinifanya nisahau kukamata shenji yangu.


Siku ya tatu, 6 mwezi ya saba

Niliisema.

Asubui nilifunga dirisha, nikafunga mulango, nikasimama mbele yake na kusema ile jina chini chini. Mudomo yangu ilikuwa nzito sawa mutu mwenye aling'oa jino. Hakugeuza hata sikio. Nikasema tena. Ukuta tu.

Nilielewa. Alifundishwa na mwanamuke mwenye anapaza sauti. Basi nikafungua mulango, nikamupeleka ku kiwanja, nikaita sawa vile Maman Nabintu alikuwa anaita. Utachoka. Kule barabarani kelele ikakatika. Utachoka. Mutu akacheka. Nikasikia Maman Zawadi anaita bengine bakuye. Imbwa anaangalia majani.

Nilikamata sahani, nikainama paka pua yangu na yake zikakaribia kugusana, nikamuwekea chakula chini ya mudomo, nikapiga kelele ya mara ya mwisho: UTACHOKA. Kartye yote, na ziwa, na Idjwi kule ngambo, nazani bote balisikia.

Akakula. Alikula yote, akalamba sahani, akalamba kidole yangu.

Niko na hasira sana. Miaka yote ile nilikuwa nakaza roho, leo asubui imeisha juu ya bugali. Kule Kinshasa yule mwanamuke amekaa na hajui hata kama alishinda.

Lakini akakula. Na si kwa mwengine, kwa mukono yangu.


Siku ya tano, 8 mwezi ya saba

Anakula asubui, anakula mangaribi. Kila mara naita, kila mara barabarani banacheka kidogo, leo kidogo kuliko jana. Batu banachokaka haraka na kitu yenye haikatazwe.

Kidonda ya sikio imekauka. Nilikata koti ya zamani ya Papa Sifa, nikamushonea godoro. Papa Sifa alisema ile koti alioa nayo. Nikamujibu kama ndoa iko bado, koti inaweza kwenda.

Nilimupiga burosi. Chini ya ile vumbi yote kuna manyoya ya rangi ya chai ya maziwa, sikujua. Nilimutoa ku baraza, mbele, fasi batu bote banapita. Maman mumoja aliuliza kama ni imbwa mupya. Nilijibu kama ni ule ule, lakini anachungwa.

Niko najivuna, sifichi. Maman Nabintu akirudi siku ya Mungu, atamukuta muzuri kuliko vile alimuacha. Hatapata neno hata moja ya kusema.


Siku ya Mungu, 10 mwezi ya saba

Ndege haikukuya. Ku foni ya misioni banasema hakuna mafuta. Labda kesho kutwa, labda juma ingine. Nabintu alipata diplome yake, hiyo banasema pia. Padri alitangaza ku misa, batu bakapiga mikono. Mimi pia nilipiga, na nguvu.

Komprime zimebaki kidogo. Alikohoa wakati ya muchana yote.


Siku ya pili, 12 mwezi ya saba

Vibaya. Asubui alisimama ku ngazi, akaangalia chini, akarudi nyuma. Akakojoa palepale ku baraza. Kisha alilala na uso ku ukuta, sawa mutu mwenye hataki kuonwa. Nilisafisha bila kumuangalia. Nilisikia roho yangu inauma, na sikutazamia kama ingeuma.

Nilimuita, niliinama, sahani chini ya pua. Alikamata kidogo, akaacha. Kifua yake inapanda na kushuka haraka. Miguu ya nyuma ni baridi hata kando ya mbabula.

Ndege bado.

Naogopa. Naandika wazi: naogopa. Kwanza niliogopa mudomo ya batu. Na ile woga iko pale pale, haikutoka. Maman Zawadi alipita leo, akasimama ku mulango bila kuingia, akamuangalia, akasema: "Ooh. Ilishaanza." Kisha akaenda na haraka kupeleka habari. Akikufa leo, nitakuwa mwenye kumupa sumu paka siku yangu ya mwisho, na batoto ya batoto yangu bataambiwa. Hakuna mwenye atakumbuka miba ya sambaza.

Lakini kuna kitu ingine. Sitaki akufe. Yeye, sitaki akufe, hata kama hakuna mutu angesema kitu.

Nilimuambia Papa Sifa atafute veterinere, daktari ya banyama. Kuna mumoja muzee, anakaa kando ya Lwiro, anachungaka bangombe ba mapadri. Papa Sifa alisema ni mbali, na motokari za kule ni shida. Nikamuangalia. Akavaa kofia.


Siku ya tatu, 13 mwezi ya saba

Veterinere alifika na Papa Sifa ku kamyo ya kabichi, bote vumbi paka kope. Mutu mufupi, mikono mikubwa, anazungumuza na banyama sana kuliko na batu. Alimulalia sikio ku kifua, akamufungua mudomo, akamugusa tumbo. Alisema roho imechoka, mapafu ina maji, na yote hiyo ni uzee. Alimudunga sindano. Aliacha dawa ingine, ya kutoa maji. Alisema kama anachungwa vile, ana juma zingine, labda zaidi kidogo. Alisema anachungwa muzuri sana. Nilimuomba arudilie hiyo Papa Sifa asikie, juu alikuwa mu choo.

Kisha akapiga mikono mbili nyuma ya kichwa ya imbwa. Pa. Imbwa hakutikisika. Akapiga tena, karibu ya sikio.

"Sitwayeni," akaniita sawa vile serikali inataka, "huyu ni kiziwi."

Nilicheka. Nilimuambia hawezi kuwa kiziwi, anakulaka tu kama anaitwa na jina. Akaniuliza namuita ginsi gani. Nikamuonyesha: nainama, naweka sahani, naita. Akasema nifanye tena lakini mudomo ifungwe. Niliinama, nikaweka sahani. Imbwa akakula.

Anaona kivuli yako inashuka, veterinere akasema, na anasikia harufu. Masikio ilishakufa miaka. Ukitaka ageuke, gonga chini na muguu, anasikia mutikisiko.

Nilikaa chini, ku simenti, sikutafuta kiti.

Basi nilipiga kelele ile yote kwa nani? Imbwa ni mumoja tu mu Muhumba muzima mwenye hakunisikia. Nilimeza kiburi yangu mbele ya batu bote, na mwenye nilimumezea hakupata habari.

Kisha nikafikiri Maman Nabintu alijua. Damu ilinipanda. Nikamuona ku Kinshasa anacheka na binti yake. Nikafikiri tena: hapana. Yeye pia anainamaka na sahani, anaita, imbwa anakula. Anaamini ni jina. Miaka yote anaamini imbwa anamutii.

Papa Sifa alitoka ku choo, nikamueleza. Alicheka paka akakaa pia. Nilitaka kukasirika, lakini kicheko ilinishika, na tulikuwa pale chini batu batatu na imbwa, veterinere anakula ndizi yenye ilikuwa ya dawa.


Siku ya ine, 14 mwezi ya saba

Dawa inafanya kazi. Anapumua polepole. Alishuka ngazi mbili.

Sina haja ya kuita tena. Sahani tu inatosha.

Nilimuita hata vile. Bila kelele.


Siku ya posho, 16 mwezi ya saba

Ndege ilikuya jana mangaribi. Leo asubui motokari ilisimama mbele, na Maman Nabintu akashuka na bikwembe mupya, na Nabintu nyuma yake na miwani na valizi. Batu balijaa. Vigelegele, nyimbo, maua. Ni haki yake. Hapa mu barabara yetu hakukutoka daktari mwanamuke hata mumoja, na huyu njo wa kwanza. Nilitoka kusimama ku baraza yangu, na imbwa amelala kando yangu, kichwa yake juu ya sapato yangu. Manyoya safi, sikio imepona. Nilisimama wima.

Maman Nabintu hakungojea hata valizi ishuke. Alisimama ku mulango ya lupango yangu, akaita: "Utachoka!"

Imbwa hakutikisika.

Akaita tena. Vigelegele vikaisha. Akaita mara ya tatu, na sauti ikavunjika katikati. Imbwa alipumua, akaweka kichwa yake vizuri ku sapato yangu.

"Amemusahau," Maman Zawadi alisema. "Amekamata mama mwengine."

Nilimuona Maman Nabintu uso. Ule mwanamuke, sijawahi kumuona vile, hata siku alizika bwana yake. Mikono ilianguka. Alikuwa ametoka kwenye siku kubwa ya maisha yake, bikwembe mupya, binti daktari, na alikuwa amesimama ku mulango ya adui yake sawa mutu mwenye alifukuzwa kwake.

Ushindi niliupata pale, ukanikaa ku ulimi. Ulikuwa tamu. Sitaandika uongo. Ningelinyamaza tu, na barabara yote ingesema miaka kumi ingine kama imbwa ya Maman Nabintu alichagua Maman Sifa.

Nikasema: "Mama, hasikii. Alikufa masikio zamani. Ingieni, mugonge chini na muguu, mbele yake kidogo."

Hakuniamini. Kisha akaingia, akagonga. Imbwa akainua kichwa, pua ikatafuta, na mukia ikaanza kupiga simenti. Alijaribu kusimama, akaanguka. Maman Nabintu akageuza uso, akangojea. Mimi pia niligeuza uso. Kisha akapiga magoti, akamukumbatia shingo, bikwembe mupya yote mu vumbi, akalia.

Nilingojea ipite. Alijipanguza, akaniangalia toka kule chini.

"Hasikii tangu siku gani?"

"Veterinere anasema miaka."

Alifikiri. Niliona inamufikia polepole.

"Basi ulikuwa unamuita bure?"

"Bure."

"Na sauti?"

"Muulize Maman Zawadi."

Hakucheka. Aliuma mudomo, mabega ikaanza kutikisika, na yeye pia alikuwa anajizuia kwa nguvu zote. Nabintu njo alianza, kisha batu bote, kisha sisi mbili. Daktari mupya alimupima imbwa yangu palepale na kale kamashini kake ya kifua. Niliandika "yangu". Acha ibaki.

Hakunishukuru. Na mimi singemushukuru. Alimubeba ku mugongo, akaenda. Mangaribi Nabintu alileta sahani ya nyama ya karamu, na diplome yake ndani ya karatasi, ati mama yake alisema nione ile herufi ya mashini kama iliandikwa muzuri. Niliisoma yote. Hakuna kosa hata moja.


Siku ya Mungu, 17 mwezi ya saba

Nyumba iko kimya. Godoro ya koti imebaki ku baraza. Papa Sifa aliniuliza kama anaweza kurudishiwa koti yake.

Nilipika sambaza, nikatoa miba yote. Tulizikula hivyo, laini sawa chakula ya mutoto.


Siku ya ine, 11 mwezi ya nane

Utachoka alikufa leo asubui. Kwake, ku gunia yake, kichwa mukononi mwa Maman Nabintu. Alikuya kuniambia mwenyewe, akapitia ku mulango ya barabara, hakuita juu ya lupango. Alikaa ku kiti. Kisha akasema kama mara ya mwisho alikula ni jana, na alikula muzuri. Nilimushukuru kwa ile.

Tulimuzika nyuma ya nyumba yake. Papa Sifa alichimba kwanza, kisha Maman Nabintu akakamata jembe. Bamaman ba barabara bakakuya, baliacha kazi zao, juu hapa hata imbwa akizikwa batu banataka kuona. Maman Zawadi alikuwa mbele. Aliuliza alikufa na nini. Aliuliza Maman Nabintu, lakini macho ilikuwa kwangu.

Maman Nabintu aliacha kuchimba, akasimama.

"Alikufa na uzee," akasema. "Na bila Maman Sifa, ningelikuta alishaoza. Huyu mwanamuke alimutolea miba na vidole vyake. Mwenye ana neno ingine, aiseme hapa, mbele ya shimo."

Maman Zawadi aliangalia viatu vyake.

Maman Nabintu alikuwa amechoka, jasho inamutiririka. Nilinyoosha mukono, akanipa jembe. Udongo ya kiangazi ni ngumu, na ilikuwa imebaki nusu.